Barua ya wazi: Marubani wa akiba waliopiga mabomu Nyandarua wako wapi katika historia yetu?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia makumbusho, nyaraka za taifa na mtaala wa historia,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: HISTORIA YA KITENGO CHA NDEGE CHA POLISI WA AKIBA NA VITA VYA ANGANI, 1953–1955

Nawasalimu kwa heshima zote. Ningependelea jambo hili limalizikie mezani penu, na ndiyo maana nilianza kwa barua za kawaida. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala. Nilipofuatilia nikaambiwa suala langu "linashughulikiwa"; nilipouliza linashughulikiwa na nani, karani akatazama ukuta. Sasa naandika hadharani. Sina nia ya kuwavunjia heshima, ila wananchi mnaowahudumia nao wana haki ya kujua ninachowaomba.

Ninachoomba ni hiki: historia ya marubani wa akiba walioruka juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa Hali ya Hatari, katika vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni, iandikwe, ionyeshwe na ifundishwe, wangali hai watu waliozisikia ndege hizo kwa masikio yao.

Nieleze kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine. Leo ukitaja KPR (Kenya Police Reserve, yaani polisi wa akiba), watu wanamuwaza mfugaji wa Turkana au Baringo aliyepewa bunduki kuukuu alinde ng'ombe wa kijiji. KPR ya mwanzo ilikuwa kitu kingine kabisa. Iliundwa 1948, na katika miaka ya vita vya msituni nguvu yake ilitegemea sana walowezi: watu wenye mashamba na biashara zao, waliovaa sare panapokuwa na haja na kurudi kwenye shughuli zao haja ikiisha. Gavana Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, akiba hiyo iliitwa kazini, na sehemu yake moja ikawa ya angani. Kitengo cha ndege cha KPR kilitumia ndege ndogo za kiraia, hasa Piper Pacer na Tri-Pacer, zikirushwa na walowezi waliojua kazi hiyo, baadhi yao wakiwa wamewahi kurusha ndege katika Vita Vikuu vya Pili.

Tri-Pacer haitishi ukiiona. Injini moja, viti vinne, fremu ya vyuma vyembamba iliyovikwa kitambaa. Ni ndege ya mwenye shamba kwendea mjini. Lakini bawa lake liko juu ya kichwa cha rubani, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kutazama chini, na mwendo wake wa polepole unamruhusu kuzunguka juu ya bonde moja mpaka aone moshi, kijia kipya au nguo iliyoanikwa. Haya ndiyo yaliyokuwa macho ya jeshi. Marubani hawa waliwadondoshea askari wa doria chakula, wakaleta habari za kambi walizoziona, wakaweka alama za moshi mahali pa kupiga, na mara nyingine wakaangusha mabomu madogo wao wenyewe.

Na alama hizo ziliwekewa nani? Machi 1953 kilikuja kutoka Rhodesia kikosi kidogo cha jeshi la anga la Uingereza, namba 1340, kikiwa na ndege aina ya Harvard. Kilikaa Thika, kisha kikahamia Mweiga, karibu na Nyeri. Harvard iliundwa kwa ajili ya kufundishia marubani wanafunzi. Hapa kwetu iligeuzwa ndege ya kushambulia, ikafungwa bunduki ya rashasha na mabomu ya ratili zipatazo 20. Novemba mwaka huohuo zikatua Eastleigh, Nairobi, ndege za Lincoln zenye injini nne, na sasa mabomu yakawa ya ratili 500 na hata 1,000. Mwaka 1954 zililetwa kwa muda mfupi hata Vampire, ndege za jeti, kutoka Aden. Misitu yenyewe ilikuwa imetangazwa eneo la marufuku tangu mwanzoni mwa 1953: aliyeonekana humo alipigwa bila kuulizwa jina. Wapiganaji waliokuwa chini hawakuwa na ndege hata moja, wala mzinga wa kutungulia ndege.

Baada ya kusema hayo, naomba nieleze malalamiko yangu.

1. Simulizi yetu haijawahi kuinua macho juu.

Maonyesho ya ukombozi nchini yanafanana. Utakuta panga, utakuta bunduki ya kujitengenezea kwa bomba la maji na komeo la mlango, utakuta picha ya Dedan Kimathi akiwa mateka. Mnara wa Uhuru Park uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja ametazama pembeni ili wasiweze kutajana wakikamatwa. Ni sanamu nzuri, na sina ugomvi nayo. Ila mtoto wa shule anayesimama mbele yake hana namna ya kujua kwamba watu wale wawili walikuwa pia wakisikiliza angani. Anaondoka akidhani vita vile vilikuwa vya panga kwa bunduki. Vilikuwa vya panga kwa ndege ya injini nne, na aliyeionyesha ndege hiyo pa kupiga huenda alikuwa jirani mwenye shamba upande wa pili wa barabara.

Hapo kwa jirani ndipo penye uzito wa jambo hili. Rubani wa Lincoln alitoka Uingereza, akapiga zamu yake, akarudi kwao. Rubani wa akiba alikuwa mtu wa hapahapa. Aliijua mito kwa majina, alijua njia za ng'ombe, na yawezekana aliwajua kwa sura baadhi ya watu aliokuwa akiwatafuta, kwa kuwa walikuwa wamewahi kumfanyia kazi. Vita vya namna hiyo vina historia yake ya pekee, na sisi tumeiacha wazi.

2. Waliokuwa chini ya ndege hawajahojiwa ipasavyo.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1953 sasa amepita 90. Wazee hawa wamehojiwa kuhusu viapo, kuhusu kambi za kizuizini, kuhusu Kimathi. Kuhusu ndege wanaulizwa kwa kupitia tu, kana kwamba zilikuwa sehemu ya hali ya hewa.

Ukimpa mzee nafasi atakueleza mengi. Atakwambia walijifunza kuitofautisha ndege kwa sauti kabla ya kuiona. Harvard ina mlio wa kukwaruza unaojulikana na kila aliyewahi kuisikia, kwa sababu ncha za rafadha yake huzunguka kwa kasi inayokaribia kasi ya sauti yenyewe, ukishausikia huusahau. Ndege ndogo ya akiba ilikuwa na mngurumo mwembamba, na ndiyo iliyoogopwa kwa namna yake, maana yenyewe ilimaanisha umekwisha kuonekana. Kwa hiyo moto wa mchana ukakatazwa, chakula kikapikwa usiku, zikachaguliwa kuni kavu zisizotoa moshi. Kambi zikahamishwa mara kwa mara kwenye mianzi, mahali ambapo macho ya juu hayapenyi. Na kulikuwa na tembo na vifaru waliojeruhiwa na vipande vya mabomu, wakawa hatari kwa kila aliyepita njia yao, mpiganaji na askari vilevile.

Kuna jambo jingine linalonikera kwamba hatujalifuatilia. Ndege nyingine zilifungwa vipaza sauti, zikaruka juu ya msitu zikiwataka wapiganaji wajisalimishe, huku zikimwaga vikaratasi vyenye ahadi za usalama. Maneno yale yalisemwa kwa lugha waliyoielewa waliokuwa chini. Ni nani aliyeyasema? Alikuwa mfungwa, mtumishi wa serikali, mtu aliyejitolea? Alilipwa nini, na baada ya uhuru aliishi vipi na majirani zake? Hili ni swali la kibinadamu kabisa, na halihitaji maabara wala satelaiti, linahitaji mtu mwenye kinasa sauti na subira.

3. Mapatano ya 2013 hayakuligusa.

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Tulishangilia, na haki yetu. Lakini kesi ile ilihusu mateso waliyofanyiwa watu mikononi mwa maofisa wa serikali ya kikoloni, hasa kambini. Haikuhusu mabomu ya msituni. Watu wengi wanaamini kwamba kwa malipo yale kitabu kizima kilifungwa, na kwa kunyamaza kwenu mnawaacha waamini hivyo.

4. Nyaraka ziko mbali, na hatuendi kuzifuata.

Wakati wa uhuru, mafaili yapatayo 1,500 yalisafirishwa kutoka Kenya kwenda Uingereza. Yakafichwa kwa miongo, mwishowe yakahifadhiwa Hanslope Park, jengo la serikali ya Uingereza, pamoja na maelfu mengine ya makoloni mbalimbali, mpaka kesi ya wazee wetu ilipolazimisha kuwepo kwake kukubaliwa mwaka 2011. Sasa yako wazi katika hifadhi ya nyaraka ya Kew, London. Hukohuko Kew kuna kumbukumbu za kazi za vikosi vya jeshi la anga la Uingereza. Mtafiti kutoka Ulaya anapanda treni asubuhi, anasoma, jioni yuko nyumbani. Mwanafunzi wa Karatina anahitaji viza, tiketi na pesa za kulala. Nakala za kidijitali zingemaliza tatizo hili, na kuziomba ni kazi ya ofisi kwa ofisi. Mtu binafsi hawezi.

5. Wenzetu wanajua kuenzi na kueleza vikosi vyao vya akiba.

Naomba mnivumilie hapa, kwa kuwa mfano huu ndio ulionisukuma kuandika. Mwaka 1925 huko Skotlandi kulianzishwa vikosi viwili vya anga vya akiba: namba 602 cha Glasgow na namba 603 cha Edinburgh. Vilijaa watu wenye kazi zao za kawaida waliojifunza kurusha ndege mwisho wa juma. Watu waliviona kama vya mchezo wa matajiri. Mwaka 1939 vikapewa ndege za Spitfire, na tarehe 16 Oktoba mwaka huo, ndege za Ujerumani zilipokuja kushambulia meli katika mlango wa bahari wa Forth, ni vikosi hivi viwili vya akiba vilivyoangusha ndege za kwanza za adui katika anga ya Uingereza. Patrick Gifford wa 603 alikuwa mwanasheria wa mji mdogo. George Pinkerton wa 602 alikuwa mkulima. Archie McKellar, pia wa 602, kazi yake ilikuwa kupiga lipu. Mwaka uliofuata vikosi 14 vya namna hiyo vilipigana katika vita vya kuilinda Uingereza angani. Gifford na McKellar wote wawili walikufa kabla ya 1940 kwisha.

Mnaona nilivyoweza kutaja majina, kazi na tarehe bila kuhangaika? Ni kwa sababu watu wao wamefanya kazi hiyo. Ukiingia jumba la Kelvingrove mjini Glasgow, Spitfire nzima iliyowahi kuwa ya kikosi 602 imening'inizwa darini, na chini yake amesimama tembo aliyekaushwa. (Niliposoma habari hiyo niliwafikiria tembo wa Nyandarua, lakini hayo ni yangu.) Vikosi vile vya akiba vya Uingereza vilivunjwa kwa pamoja tarehe 10 Machi 1957. Hazikuwa zimetimia wiki tatu tangu Kimathi anyongwe Kamiti, tarehe 18 Februari. Upande mmoja wa dola ileile mtu wa akiba ni shujaa mwenye ndege darini. Upande wa pili mtu wa akiba hana hata kibao, na waliolengwa naye hawana pia.

Siombi tuwapambe marubani wa KPR kama Waskoti wanavyowapamba wao. Naomba tuwajue.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mtasema hakuna bajeti. Sikuomba jengo. Kibao cha chuma, kinasa sauti na barua rasmi kwenda London havifikii gharama ya kongamano moja la hotelini.

Mtasema kikosi kile kilikuwa cha wakoloni, na jeshi letu la anga lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, kwa hiyo hakituhusu. Mabomu yaliangukia msitu wetu na watu wetu. Isitoshe, jina la polisi wa akiba tuliendelea kulitumia baada ya uhuru, na polisi wetu wana kitengo cha ndege mpaka leo. Kama tulirithi jina, tunaweza kuibeba na historia yake.

Mtasema itachokoza vidonda, kwa kuwa kuna familia zilizokuwa upande wa serikali. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003, sanamu ya Kimathi imesimama katikati ya Nairobi tangu 2007, na nchi haijapasuka. Wajukuu wa homugadi na wajukuu wa wapiganaji wanakunywa chai meza moja Nyeri. Wanaoogopa mazungumzo haya ni watu wa ofisini.

Na kuna wale watakaosema mabomu hayakufanya kazi, yaliangusha mianzi na kuua wanyama kuliko watu. Huenda. Hata wakati ule wenyewe palikuwa na wakubwa walioitilia shaka faida ya Lincoln juu ya msitu mnene. Basi hilo nalo liandikwe: kwamba dola ilimwaga mabomu juu ya mlima ambao kwa Wakikuyu ni mahali patakatifu, na bado haikuwa na hakika inapiga nini.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba haya:

Kwanza, kiwekwe kibao cha maelezo Mweiga, kwa Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, kikitaja vikosi vilivyorukia hapo, miaka, aina za ndege na maeneo yaliyolengwa. Eastleigh ni kambi ya jeshi na naelewa ugumu wake. Mweiga hakuna ugumu.

Pili, wazee wa Nyeri, Nyandarua, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru wahojiwe mahsusi kuhusu vita vya angani, na mahojiano yawekwe mahali ambapo mwalimu yeyote anaweza kuyasikiliza. Wahojiwe na wake kwa waume, kwa sababu waliopeleka chakula msituni wengi walikuwa wanawake. Kama kuna familia za marubani wa akiba zilizobaki nchini au zilizohamia kwingine, nazo ziombwe daftari za safari na picha. Wengi wao wangetoa wakiombwa kwa adabu.

Tatu, iandikwe barua rasmi ya kuomba nakala za kidijitali za nyaraka za Kew zinazohusu operesheni za angani nchini, na jibu litangazwe, hata likiwa ni la kukataa.

Nne, ramani za maeneo yaliyopigwa zikipatikana wapewe walinzi wa misitu na jamii zinazoishi kandokando. Mtu anayechanja kuni au kuchunga kondoo ana haki ya kujua kama pale anapochimba paliwahi kuangushwa mabomu.

Tano, mtaala uongezewe ukurasa mmoja tu. Nimefundisha somo hili miaka mingi. Ukurasa mmoja wenye ramani ya Mweiga na picha ya Tri-Pacer utaleta maswali darasani kuliko orodha ndefu ya tarehe tunazowakaririsha.

Naomba jibu la maandishi, lenye jina na cheo cha atakayeshughulikia, kabla ya Sikukuu ya Mashujaa ijayo, tarehe 20 Oktoba. Lisipokuja, nitalipeleka ombi hili mbele ya bunge la kaunti pamoja na sahihi za wazee walio tayari kutoa ushahidi, na nitawaarifu hadharani kama nilivyofanya leo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kaunti ya Nyeri.

Nakala:
Wawakilishi wa wadi za Kaunti ya Nyeri
Vyama vya wapiganaji wa uhuru
Walimu wa historia wa shule za upili